Mfamasia Atoke Dirishani?

Chukua mgonjwa mmoja. Anaishi na VVU, anatumia dolutegravir. Ana kisukari pia, anameza metformin. Sasa amekutwa na kifua kikuu, na dozi yake ina rifampicin. Rifampicin hushusha kiwango cha dolutegravir mwilini, kwa hiyo miligramu 50 za mara moja kwa siku hutolewa mara mbili. Dolutegravir nayo hupandisha kiwango cha metformin. Mgonjwa wa namna hii huangukia mikononi mwa daktari wa familia, bingwa anayemtibu mtu kwa maradhi yake yote. Nani amfundishe daktari huyo kuyaona haya kabla hajaandika dawa? Wapo wanaopendekeza mfamasia awe mmoja wa walimu wake, nami naunga mkono.

Marekani, ambako tiba ya familia ilitambuliwa kuwa ubingwa mwaka 1969, programu nyingi zina mfamasia miongoni mwa walimu. Hukaa kliniki na madaktari walio mafunzoni, wakapitia pamoja dawa za mgonjwa. Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha ubingwa huu mwaka 2005, na huko Eldoret, kilipo chuo hicho, wafamasia wa Purdue, chuo cha Marekani, wamekuwa wakipita wodini na madaktari. Kwa hiyo si jambo geni kwetu.

Wapo wasemao mfamasia hajasomea kupima mgonjwa. Kweli, na hakuna aliyemwomba afundishe hilo.

Pingamizi zito ni jingine: daktari aliyezoea kuegemea mfamasia atafanyaje akipelekwa hospitali ambayo mfamasia wake ni mmoja, naye yuko stoo anahesabu maboksi? Hapa naona inategemea ufundishaji wenyewe. Mfamasia anayesahihisha dozi kimyakimya analea tegemezi. Anayeuliza “kwa nini umeandika hii, na figo zake zikoje?” anampa daktari swali la kwenda nalo popote.

Tena, mfamasia asipofundisha, nafasi haibaki wazi. Daktari akishahitimu, habari za dawa mpya humfikia kwa mtu wa mauzo wa kampuni, mwenye mkoba, kalamu za bure na ahadi ya chakula cha mchana. Kwangu mimi, hoja hii inazishinda zote.

Wasiwasi wangu uko kwenye ratiba. Saa za kufundisha zisipoandikwa kuwa sehemu ya kazi ya mfamasia, na zisipolipwa, ataingia wodini siku ambayo foleni ya dirishani ni fupi. Aliyewahi kusubiri dawa hospitali ya serikali anajua siku hiyo huja mara ngapi.