Mama Mkwe Alihesabu Sita

Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi (huonyesha kwamba overdrive, yaani gia ya 4, imezimwa) ilianza kupepesa tulipokata kona ya Himo kupanda Marangu. Gari ni Mark II ya 1994, injini 1JZ, gia boksi ya otomatiki A340E. Nyuma kakaa mama mkwe, ndoo ya mtori wa kipaimara mapajani. Nikasimama kupisha ng'ombe, na nilipotaka kuondoka injini ikanguruma, mwendo hakuna. Kijana mwenye baiskeli na mikungu miwili ya ndizi akatupita, na baiskeli yenyewe alikuwa anaikokota.

"Baba Neema," mkwe akasema kwa ule upole wake wa hatari, "yule kijana hawezi kutubeba?"

Fundi wa kwanza alivuta stiki ya oili, akanusa, akatangaza msiba: boksi imekwenda, tafuta ya Japani. Oili yenyewe nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Alichonusa mpaka leo sikijui. Tena gari likishachanganya lilikuwa linakimbia vizuri kabisa. Uzito ulikuwa kwenye kuondoka tu. Na boksi hii hupanga gia kwa solenoidi mbili, yaani vali ndogo za umeme: gia ya 1 inataka namba 1 peke yake, ya 2 inataka zote, ya 3 inataka namba 2 peke yake, ya 4 haitaki yoyote. Namba 1 ikikosa umeme, mkono wa gia ukiwa kwenye D unaondokea gia ya 3. Mlima wa Marangu hauna utani na gia ya 3.

Nikaamua kupima mwenyewe, uani kwa mkwe, yeye kakaa kwenye kigoda anachambua maharage. Ukifungua boneti utaona kiboksi cheusi chenye mfuniko. Ndani matundu yana majina. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya (hakikisha ni hayo mawili, ukigusa tundu la umeme unaunguza fyuzi), unawasha swichi bila kupiga stata, na kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia kiwe kimewashwa. La sivyo taa itakaa imewaka tu na hutasoma kitu. Ikipepesa harakaharaka bila kupumzika, kompyuta haijaona tatizo. Ikiwa lipo, inapepesa msimbo, yaani namba ya tatizo: tarakimu ya kwanza, inapumzika kama sekunde moja na nusu, kisha ya pili.

Mimi nikawasha swichi, nikageuka kutafuta kalamu, nikarudi kwenye dashibodi. Nne. Kimya. Mbili. Arobaini na mbili! Hiyo ni sensa ya spidi. Nikazima kwa furaha.

"Mbona mimi nimeona sita?" mkwe akauliza. Mlango ulikuwa wazi, na macho yake hayana miwani.

"Mama, hii ni kompyuta."

Akarudi kwenye maharage yake. Nikapanda bodaboda hadi Moshi mjini, nikanunua sensa, nikarudi, nikaifunga. Kabla hata sijanawa mikono nikakumbuka kwamba siku zote hizo mshale wa spidi ulikuwa unapanda na kushuka bila shida. Sensa ile ikifa, mshale hulala. Taa ikaendelea kupepesa.

Safari hii nikaiacha irudie mara tatu, maana msimbo hujirudia wenyewe mpaka uzime swichi. Sita. Kimya. Mbili. 62: solenoidi namba 1. Sauti ikatoka kwenye kigoda, "Sita na mbili," bila kuinua kichwa. Huyu mama ni mweka hazina wa kikoba tangu Neema hajazaliwa.

Sasa 62 haisemi solenoidi imekufa. Inasema mkondo wake una kasoro. Nikachomoa plagi ya pale kwenye boksi na kuliendesha hivyo hivyo hadi barabarani: mkono ukiwa kwenye D ikatoka gia ya 4, kwenye 2 ikatoka ya 3, kwenye L ikatoka ya 1, kama inavyotakiwa solenoidi zikikosa umeme, kila moja na uzito wake. Kwa hiyo vyuma vya ndani vizima, na ile boksi ya Japani ikabaki Japani. Nikapima ukinzani wa solenoidi kwa mita, pini ya namba 1 na bodi: omu 13. Inatakiwa 11 hadi 15. Nikahamia upande wa kompyuta, nikachomoa plagi yake, nikapima waya uleule: hakuna kitu. Nikamwomba shemeji atikise nyaya chini ya gari. Kumi na tatu, hakuna, kumi na tatu, hakuna.

Waya ulikuwa umebanwa chini ya bati la kukinga joto la ekzosi. Ekzosi nilibadilisha mwezi uliopita, na aliyefunga bati lile ni mimi. Nikaunga kwa risasi, nikauvika mpira, nikaupitisha mbali na joto, nikachomoa fyuzi ya EFI nusu dakika ili msimbo ufutike. Taa ikatulia.

"Na ile sensa ya mjini?" mkwe akauliza.

"Mali ikishauzwa hairudishwi, mama."

Jumapili iliyofuata, tukienda kanisani, hakupanda nyuma. Alikaa mbele, daftari la kikoba mapajani, kalamu sikioni, macho kwenye dashibodi.

"Haya, washa. Nahesabu."