Baba Mkwe na Grauti Nyeusi

Fundi alikuwa ameshapanga marumaru sebule nzima, mistari imenyooka, bado kujaza grauti tu, ile saruji laini ya kuziba nafasi kati ya marumaru. Akapigiwa simu, kuna kazi ya haraka Korogwe. Akaniwekea mfuko wa grauti jikoni na kuniachia amri: "Bosi, gundi ikae kwanza saa 24. Na usiguse kitu mpaka nirudi." Sikugusa. Nina tabia mbaya nyingi, lakini kuingilia kazi ya fundi haimo.

Kesho yake asubuhi wakwe zangu wakatua hapa Tanga kutoka Muheza kuja kuiona nyumba, na gunia la machungwa, na jogoo kafungwa miguu. Baba mkwe akaipokea shikamoo yangu, akavua viatu, akasimama mlangoni kuitazama sakafu.

"Marahaba, baba. Sasa mbona nyumba ina mapengo kama kinywa cha babu yangu?"

Mzee alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge mpaka akastaafu. Mtu aliyesimamia vibarua maisha yake yote hawezi kukaa chini akanywa chai huku anaziona nafasi za milimita 3 hazijajazwa. Kabla maji hayajachemka ameshakunja suruali na kuuliza mfuko uko wapi.

Sasa, mkwe habishiwi. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mkeo. Nikasema, "Mama Zai, hebu mwambie baba, mfuko umeandikwa tupake eneo dogo dogo, mita moja hivi, tungoje robo saa, tufute na sponji, ndiyo tuendelee mbele." Mke wangu akageuka akamwambia baba yake, ambaye alikuwa amesimama kati yetu na kila neno amelisikia.

"Huo mfuko umeanza ufundi mwaka gani?" mzee akauliza.

Akaumimina wote kwenye ndoo. Grauti yenyewe nyeusi, chaguo la mke wangu, eti haionyeshi uchafu. Marumaru ni rangi ya maziwa, zile zenye mikwaruzo ili mtu asiteleze. Atakayeniambia kuna mchanganyiko mbaya kuliko huo namsikiliza, maana kila kitundu juu ya ile marumaru ni nyumba ya kulala grauti. Mwiko wa mpira fundi kaondoka nao. Mzee akachukua kandambili yangu ya bafuni, akaikata kati kwa kisu, akapiga magoti, kazi ikaanza.

Na lazima niseme ukweli, mkono anao. Anasukuma grauti kwa kukatisha mstari, inazama mpaka chini, haachi tundu. Tatizo ni kwamba alianzia mlangoni. Akapaka kurudi nyuma, anaimba taratibu, mita baada ya mita, hafuti, maana kufuta "ni kwa mkupuo mmoja mwishoni". Kila ikianza kuwa ngumu ndooni anaongeza maji. Hilo nalo mfuko ulikuwa umelikataza, lakini tulishaona heshima ya mfuko imefikia wapi.

Alipoinuka alikuwa kwenye kona ya dirisha, na kati yake na mlango kuna sebule nzima nyeusi.

"Mtu asikanyage!" akaamuru. Amri ikamkamata mwenyewe.

Dirishani kuna nondo, kama nyumba zote za mtaani kwetu. Basi mzee akaipindua ndoo, akaikalia, akasema itakauka sasa hivi. Mimi nikazunguka nje na chai, nikampitishia kikombe katikati ya nondo kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Baadaye vitumbua, kimoja kimoja, sahani haikupenya. Jirani akapita, akasimama, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Shikamoo mzee. Kosa gani?"

Mzee akajibu marahaba na kuendelea kutafuna.

Jogoo ndiye pekee aliyeipuuza amri. Kamba ilimfunguka jikoni, akaikata sebule kutoka kona hadi kona, akatoka mlango wa mbele na miguu myeusi, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Ilipoadhiniwa alasiri mzee alisimama, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili. Hakuna alama. Akavuka sebule nzima kwa mwendo wa ushindi. "Si mmeona? Imekauka."

Ilikuwa imekauka kweli, na ndilo lililonikata maini. Marumaru zangu za maziwa hazikuwepo tena, kulikuwa na lami, na nyayo za jogoo zinaonyesha njia ya kutokea.

Walipolala tukaanza kusugua, mimi na mke wangu, kwa kunong'ona. Sponji ilikuwa inapapasa tu. Mama mkwe akatokea na kanga kifuani, akatutazama, akaenda jikoni akarudi na siki. Grauti ni saruji, na saruji haipatani na kitu kichachu. Siki ikachemka chemka, utando ukaanza kulegea. Ilipoisha tukahamia ndimu. Nyumba ikanuka kachumbari mpaka alfajiri, na tulichokomboa ni sehemu ya kutosha mkeka. Sehemu nyingine siki ilikula hata ile ya kwenye mistari, ambayo ilikuwa bado changa.

Fundi aliporudi alikaa kimya mlangoni muda mrefu. Akaniuliza kwa ukali, "Nani kafanya hivi?" Nikaonyesha kwa kidevu. Mzee alikuwa barazani anamenya chungwa.

"Shikamoo mzee," fundi akasema, sauti imeshuka. "Hongera, umetusaidia."

Kisha akanivuta pembeni akanitajia bei ya kukwangua na kujaza upya. Ilizidi ya kupanga. Kabla sijafungua mdomo kuomba punguzo, sauti ikatoka barazani:

"Mwanangu, usikubali huyo akuibie. Kazi kubwa nimeshaimaliza mimi!"