Utando wa kusafisha gesi asilia: pasipotajwa methani, hesabu haijakamilika

Gesi asilia haitoki kisimani ikiwa safi. Huja na mvuke wa maji, hewa ukaa na wakati mwingine haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu kali. Maji na hewa ukaa vikikutana hutengeneza asidi inayokula chuma, ndiyo maana mabomba mengi hukataa gesi yenye hewa ukaa inayozidi asilimia 2 au 3. Njia ya zamani ni amini: kimiminika kinachonyonya hewa ukaa ndani ya mnara, kisha huchemshwa ili kiiachie na kutumika upya.

Tangu miaka ya 1980 amini ina mpinzani: utando wa polima, yaani aina ya plastiki. Aina mojawapo ni maelfu ya nyuzi nyembamba kama unywele, zenye uwazi katikati, zilizofungwa ndani ya silinda. Gesi ikiingia kwa shinikizo kubwa, hewa ukaa hupenya kuta za nyuzi upesi. Methani, yaani gesi yenyewe inayotafutwa, nyingi hubaki. Hakuna cha kuchemsha, na mtambo ni mwepesi. Kwenye meli za kuzalisha mafuta, kama zile za bonde la Santos nchini Brazili, wepesi huo ni jambo kubwa.

Ila sifa kwamba utando "hauna mambo mengi" imetiwa chumvi. Matone ya mafuta na hidrokaboni nzito, yaani sehemu za gesi zinazogeuka kimiminika kwa urahisi, huuharibu, kwa hiyo lazima utanguliwe na vichujio na kipasha joto. Hewa ukaa yenyewe ikizidi huivimbisha polima, nayo huanza kupitisha methani ovyo.

Na methani ndiyo penye gharama. Sehemu yake hupenya hata utando ukiwa mpya. Kuiokoa kunadai hatua ya pili pamoja na kompresa, mashine kubwa inayokula umeme. Ikiachwa ivuje angani, kwa kipindi cha miaka 100 kila kilo hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kilo ya hewa ukaa. Wauzaji wa mitambo hawaanzi na hesabu hiyo.

Gesi ya kugeuzwa kimiminika hairuhusu hewa ukaa zaidi ya sehemu 50 hivi kwa milioni. Hapo utando peke yake hautoshi. Kwa maoni yangu, kisima chenye hewa ukaa asilimia 30 kipewe utando upunguze sehemu kubwa, amini imalizie. Penye asilimia 5 nchi kavu, nafasi ikiwepo, sioni sababu ya kuiacha amini.