Mazabodi iko wapi jamani?

Kasha la kompyuta ninayoiunda limefika, pawasaplai ya kuipa umeme imefika, hata skrubu zimefika kwenye kimfuko chake. Mazabodi, ile bodi kuu ya kupachikia vifaa vingine, ndiyo haijulikani iliko. Nikimuuliza wakala wa mizigo Kariakoo, jibu ni lile lile: "Mzigo uko njiani, bosi." Njia gani hiyo isiyofika Dar? Na bila mazabodi huwezi kujaribu chochote. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 7600 ninayo, naitazama tu kwenye plastiki yake. Kuipachika kwenye mashine yangu ya zamani haiwezekani, soketi yake ya AM5, yaani tundu la kuipachikia, ni nyingine kabisa, na ramu inataka ya aina ya DDR5 tu. Kinachoniudhi zaidi, muda wa kurudisha vifaa vibovu unayoyoma na sijui hata kama ni vizima. Eti nivute subira! Hela ya usafiri mbona wao hawakuisubiri?