Mita ya Mraba na Kuta za Lamu: Kadirio la Mapema Lina Faida Gani?

Mwenye kiwanja Lamu huulizia gharama kabla ya ramani kuchorwa, na ni haki yake. Familia inayotaka kujua kama akiba yake itatosha vyumba viwili au vinne, au kamati ya madrasa inayojiandaa kuchangisha, haiwezi kungoja michoro kamili na hesabu ya kila mfuko wa saruji. Michoro hiyo nayo ni pesa. Basi hutumika njia fupi: ukubwa wa sakafu mara bei ya mita moja ya mraba, bei iliyotolewa kwenye majengo yaliyokwisha kujengwa.

Mafundi wengi hawaitaki njia hii. Wanasema tarakimu ikishatamkwa haifutiki: mwenye nyumba huishika kama ahadi, na gharama zikipanda fundi ndiye anayeonekana mwizi. Malalamiko haya si madogo. Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia wakati uhandisi wa paa lake haujatatuliwa. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102. Kadirio lilitangulia, mchoro ukafuata nyuma, na aliyelipa hakuwa na pa kurudi.

Hata hivyo, kukataa kukadiria si jibu. Kufuta chumba kwenye karatasi hakugharimu kitu, lakini ukikifuta baada ya msingi kumwagwa zege ni hasara. Na kwetu nyumba hukua. Baba hujenga chini leo, akitarajia kumjengea binti ghorofa siku ya ndoa. Asipopata picha ya gharama zote mapema, atachimba msingi wa nyumba ya chini pekee, na miaka kumi baadaye aambiwe kuta hazibebi.

Mimi naona tatizo ni bei inayoletwa Lamu kutoka mahali pengine bila kupimwa upya. Nyumba za kale za mji huu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikikaribia nusu mita kwa unene. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana hufuata urefu wa boriti ya mkoko. Chukua chumba cha mita 2.5 kwa 6 kwa ndani: mita za mraba 15. Kipime kwa nje, kuta za nusu mita zikiwa pande zote nne, na unapata 24.5. Kwa mfano wa hesabu tu, kama bei ni shilingi 50,000 kwa mita, kadirio moja linasema 750,000 na jingine 1,225,000, kwa chumba kilekile! Ukuta ukishirikiwa na jirani pengo hupungua, lakini haliishi. Nimeshangaa mara nyingi kuona watu wakibishania bei ya mita bila kuulizana kwanza mita hiyo imepimwa ndani au nje.

Kuna na safari ya vifaa. Saruji na nondo hufika Mokowe, gati ya upande wa bara, kwa lori, hushushwa, hupakiwa mashuani, huvuka, hushushwa tena gatini, kisha hupandishwa vichochoroni kwa punda. Mawe hutoka Maweni, kisiwani Manda, nayo huvushwa. Kila mkono una ujira wake, na ujira hufuata uzito, haufuati ukubwa wa sakafu. Kwa hiyo ukuta mnene huumiza mara mbili, kwenye kujenga na kwenye kubeba. Nyumba ya ufukweni na ya nyuma ya mji, hata zikiwa pacha, hazigharimu sawa.

Mengine yanayopotosha ni machache ila mazito: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na mlango wa nakshi hulipwa kwa kazi ya mkono, na ndani ya mji wa kale, ulio kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, huwezi kubadili vifaa upendavyo ili kupunguza bei. Boriti nazo: mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mikoko ilikumbwa pia, na aliyekadiria kwa bei ya korja (boriti ishirini) ya mwaka uliotangulia alikwama.

Chama cha wakadiriaji gharama, AACE, kinakubali kwamba kadirio la jengo katika hatua ya awali kabisa laweza kupitwa kwa asilimia 30 hadi 50, au gharama ishuke chini yake kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo naunga mkono kadirio la mapema, kwa sharti litolewe kwa kima cha chini na cha juu, liwe na tarehe, liseme limepima ndani au nje ya kuta, na usafiri kutoka Mokowe uwe mstari wake peke yake.

Wakandarasi wananijibu kwamba mkweli anayetaja kima cha juu hupoteza kazi kwa yule anayetaja tarakimu moja nafuu. Ni kweli, hutokea. Ndiyo maana orodha hiyo ya masharti iandikwe na mwenye nyumba au kamati, wakandarasi wote wapewe ileile, na atakayeleta tarakimu moja tupu arudishiwe karatasi yake aijaze kabla bei yake haijalinganishwa na za wenzake.