Tunailaumu kusi bure

Kila Julai maneno barazani ni yale yale: kusi imekaza, vyombo vimelala dikoni, samaki hawashikiki bei. Ni kweli, na mwenye watoto wa kulisha hawezi kuishukuru dhoruba. Lakini naona tunausema vibaya upepo unaotulishia bahari.

Dagaa, vibua hata jodari, mlo wao unaanzia kwa fitoplanktoni, vijimea visivyoonekana kwa macho vinavyoelea penye mwanga. Vinataka jua na vinataka mbolea: naitreti, fosfeti na wenzake. Taabu ni kwamba jua liko juu, na mbolea huzama pamoja na mizoga na vinyesi mpaka kwenye kina cha giza. Ni chai ambayo sukari yote imelala chini ya kikombe. Kijiko cha bahari ni upepo, baridi na mikondo.

Ukizisoma habari za vijimea hivi, mara nyingi utapelekwa kwanza Atlantiki ya Kaskazini, ambako bahari huchanua, yaani vijimea huongezeka kwa wingi, kila majira ya machipuko. Huko baridi na dhoruba hukoroga maji mamia ya mita kwenda chini. Mbolea inapanda, ila vijimea navyo vinaburutwa gizani, na jua la Desemba ni dhaifu. Mwaka 1953 Harald Sverdrup wa Norway alieleza kwamba uchanuaji huanza pale maji ya juu yanapopata joto na mkorogo ukapungua kina, vijimea vikabaki kwenye mwanga. Mjadala haukuishia hapo. Wapo wanaosema vinaanza kuongezeka baridi ikiwa bado ipo, kwa kuwa maji mengi yanavitenga na vidudu vinavyovila. Na utafiti wa 2012 ulionyesha kuwa mizunguko ya mikondo inaweza kutandaza maji mepesi juu ya mazito kabla jua halijayapasha.

Ilete hesabu hiyo Unguja na Pemba, inageuka. Jua hatulikosi mwezi wowote. Tunachokosa ni mbolea, maana mkondo unaopita kwetu kwenda kaskazini mwaka mzima unatokana na maji ya katikati ya Bahari ya Hindi, maji masafi ya kupendeza watalii lakini yenye njaa. Wakati wa kaskazi, bahari ya Machi inapofika nyuzijoto kama 29, maji ya moto hukaa juu kama kifuniko. Anayestawi hapo ni trikodesmiamu, mmoja wa vijimea hivi, anayejitengenezea mbolea kwa naitrojeni ya hewani. Ndiye yule wa utando wa kahawia unaofanana na unga wa mbao, ambao wengi hudhani ni uchafu wa meli. Kusi ikiingia, mkondo unaongeza kasi, maji yanapoa hadi kama 25, kifuniko kinavunjika. Setilaiti zinazosoma rangi ya bahari huona ukijani ukiongezeka.

Pemba ina jambo lake. Unguja imesimama kwenye maji ya kina kifupi upande wa bara, ila mlango wa bahari kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Hazina ya chini iko karibu, ikipata wa kuinyanyua.

Ndiyo maana nashangaa mazungumzo ya uchumi wa buluu yanapoishia kwenye boti, injini na taa za dagaa. Boti nzuri haiongezi hata kijimea kimoja. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo hapa Zanzibar tangu 1978 na wataalamu wake wanayajua haya kuliko mimi. Kinachokosekana ni kuyafikisha dikoni. Utabiri wa redioni unampa mvuvi upepo na mawimbi ili asizame. Ningependa umpe pia joto la maji na rangi ya bahari ya wiki ile, ili ajue kama kutoka kuvua kwa taa kwenye giza la mwezi huu kunastahili mafuta yake. Tena vyombo vya dagaa viko baharini usiku kucha: vikifungiwa vipimajoto kwenye kamba ya nanga, kimoja juu na kimoja chini, tutajua kifuniko kimevunjika lini na wapi.