Mafundi, acheni kuloki redio za intaneti kwenye spidi ya juu kabisa

Wiki hii nimeitwa kuangalia lingi ya ofisi moja, yaani redio mbili zinazotazamana na kurushiana intaneti, inayovuka ghuba hapa Tanga, upande wa Raskazone. Wanalia intaneti inakata, halafu saa ya kukata inasogea, kila siku inachelewa kama dakika 50 hivi. Mvuvi yeyote angewaambia hapo hapo, hayo ni maji kujaa na kupwa! Fundi wao anasema ni mvua. Mvua kwenye masafa ya 5 GHz, ya redio kama hizi, haina makali hayo, ukipita 10 GHz ndo inauma.

Nafungua redio nakuta imelokiwa 256-QAM, ile namna ya kupakia data ya spidi kubwa, marufuku kushuka. Nimekasirika sana jamani, maana hii inafanywa makusudi, siku ya kukabidhi mteja aone spidi kubwa kwenye simu, asaini, fundi achukue hela yake aondoke.

256-QAM inabeba biti 8 kwa kila simboli, yaani kila mdundo mmoja wa signo, ila inataka signo safi kwelikweli. QPSK, namna ya chini, inabeba biti 2 tu lakini inavumilia kelele. Ni kama unavyoongea na mtu sokoni Ngamiani, makelele yakizidi unasema polepole na unarudia. Sasa juu ya bahari wimbi moja la redio linakuja moja kwa moja na lingine linagonga maji ndo linafika, na maji yakipanda au kushuka yale mawili yanaanza kuuana, signo inaporomoka. Redio ikiachiwa otomatiki inashuka yenyewe, unabaki na robo ya spidi lakini simu inapita na malipo yanapita. Ukiiloki juu unabaki na sifuri. Claude Shannon, mwanahisabati Mmarekani, alishaonyesha tangu 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake kulingana na kelele, ukilazimisha kupita hapo data inapotea tu, hakuna ufundi wa kukwepa hilo.

Haya, nakubali, zipo redio zinapanda na kushuka ovyo mpaka simu zinakatakata, hizo ziwekee kikomo cha juu, ila chini paache wazi. Na antena mbili za urefu tofauti kwenye mnara zinasaidia sana baharini.

Nyie mnaolipa, msisaini siku ile ile. Subirini bamvua, mwangalie lingi maji yakijaa na yakipwa, mumuulize fundi ikishuka mpaka QPSK nini kinapita kwanza, simu na malipo au video za watu. Kama hajapanga hilo, hela yake ikae kwanza mpaka apange.